Kutoka nusu robo ya dukani hadi asilimia: kutaja sehemu za namba kwa Kiswahili

Mimi hufundisha watoto hesabu jioni hapa Kondele, Kisumu. Wakifika kwenye sehemu za namba, wengi hukariri maneno bila kuona kitu. Lakini watoto hao hao hutumwa dukani kununua nusu robo ya sukari na hawakosei chenji. Basi tuanzie dukani.

Hatua ya 1: Taja akisami kwa jina lake

Akisami ni sehemu ya kitu kizima: nusu (1/2), thuluthi (1/3), robo (1/4), humusi (1/5), sudusi (1/6), subui (1/7), thumuni (1/8), tusui (1/9) na ushuri (1/10). Majina mengi hapa ni ya Kiarabu, na ushuri ni ndugu wa ushuru unaotozwa sokoni. Zikiwa zaidi ya moja, jina hutangulia: thuluthi mbili ni 2/3, robo tatu ni 3/4.

Namba ya chini huitwa asili: kitu kimekatwa vipande vingapi. Ya juu ni kiasi: umechukua vingapi.

Sasa ile nusu robo. Robo kilo ni gramu 250. Ikate katikati, upate gramu 125. Vipimo vinane vya namna hiyo hujaza kilo, kwa hivyo nusu robo ya dukani ndiyo thumuni ya darasani.

Hatua ya 2: Igeuze iwe desimali

Gawanya kiasi kwa asili, yaani 1 kwa 8. Haitoshi, kwa hivyo andika sifuri na nukta. 10 kwa 8 ni 1, baki 2. 20 kwa 8 ni 2, baki 4. 40 kwa 8 ni 5, imeisha. Jibu ni 0.125.

Soma "sifuri nukta moja mbili tano". Usisome "nukta mia moja ishirini na tano", maana hapo ndipo wengi hupotea. Mwanafunzi wangu mmoja alishikilia kuwa 0.125 inaishinda 0.25, kwa kuwa 125 inaishinda 25. Nilimpeleka kwenye duka lenye mizani ya dijitali. Muuzaji akapima robo ya sukari. Kioo kikaonyesha 0.250. Akapunguza hadi nusu robo: 0.125. Kijana aliikumbuka ile sifuri ya mwisho ya 0.250, kisha akatoa daftari akajisahihisha papo hapo kaunta. Kabla ya kulinganisha desimali, jaza sifuri nyuma hadi tarakimu zilingane.

Hatua ya 3: Igeuze iwe asilimia

Neno lenyewe linajieleza: asili ni mia. Zidisha 0.125 kwa 100, upate asilimia 12.5. Alama % huandikwa nyuma, ila kwa mdomo neno hutangulia: "asilimia kumi na mbili nukta tano".

Hatua ya 4: Uliza, asilimia ya nini?

Tuseme gorogoro (kopo la kupimia nafaka) ya mahindi imepanda kutoka shilingi 200 hadi 250. Nyongeza ni 50 kwa 200: robo, asilimia 25. Ikirudi 200, haijashuka kwa asilimia 25. Sasa hiyo 50 inatoka kwenye 250: ni humusi, asilimia 20.

Jaribu mwenyewe bei ikitoka 300 hadi 400, kisha irudi. Jibu moja ni thuluthi, na ukiigawanya utaona 3 zikijirudia bila kuisha: 0.333...