Podikasti ya kwanza: tengeneza chumba kabla ya kununua maikrofoni

Simama katikati ya chumba unachotaka kurekodia, piga kofi moja kali, kisha tega sikio. Ukisikia mlio unaolifuata kofi, kama kitu kinachotetema kati ya kuta, chumba hicho kitaiharibu sauti yako hata ukiwa na maikrofoni ya bei mbaya. Maikrofoni nzuri itaunasa mwangwi huo kwa ufasaha zaidi, basi. Na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki.

Sakafu ya vigae, kuta tupu na vioo huirudisha sauti. Nguo, godoro, zulia na pazia zito huimeza. Kwa hiyo chumba cha kulala mara nyingi kinafaa kuliko sebule au ofisi. Tandika blanketi juu ya meza, kisha ning'iniza jingine zito nyuma ya mgongo wako. Wengi huziba ukuta ulio mbele yao na kusahau wa nyuma, ilhali maikrofoni imeelekezwa kwako, na kilicho nyuma yako inakisikia pia. Kabati la nguo likiachwa wazi mgongoni mwako linafanya kazi hiyohiyo bila gharama. Trei za mayai zilizobandikwa ukutani zinapendeza kwenye picha tu. Ni nyepesi mno kuzuia chochote.

Zima feni. Zima na friji kama iko karibu, na uweke funguo zako za nyumba ndani yake, usije ukaondoka ukaisahau.

Sasa maikrofoni. Simu yako inatosha kwa vipindi vya mwanzo. Iweke katika hali ya ndegeni ili isikatizwe na wapigaji, isimamishe juu ya vitabu vilivyofunikwa kwa kitambaa ili isinase mtikisiko wa meza, na uielekeze tundu la maikrofoni, ambalo kwa simu nyingi liko chini, upande wa mdomo wako. Kama programu ya kurekodi inakuruhusu kuchagua, rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), mono (mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili ya stereo), kilohezi 44.1 na biti 16. Faili la namna hiyo hula takribani megabaiti 5 kwa dakika, yaani karibu 160 kwa nusu saa, basi angalia nafasi iliyobaki kabla ya kuanza.

Ukiamua kununua, utakutana na aina mbili: dainamiki na kondensa. Kondensa husikia kila kitu, pamoja na mbwa wa jirani. Kwa chumba cha kawaida cha nyumbani, dainamiki ndiyo ya kuchukua. Yenye waya wa USB huchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Yenye XLR, plagi ya pini tatu, huhitaji kifaa cha kati cha kubadilisha sauti kuwa ya kidijiti, na inaanza kuwa na maana pale mnapokuwa wawili au zaidi chumba kimoja, kila mtu na maikrofoni yake. Nunua pia hedifoni zinazofunika masikio. Bila hizo utagundua mwungurumo wa waya mbovu baada ya mgeni kuondoka.

Umbali ndio unaoamua mengi kuliko aina. Mdomo uwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maikrofoni, pungufu ya shibiri moja. Kila unapouongeza umbali mara mbili, sauti yako inashuka kwa karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Utalazimika kupandisha kiwango cha kurekodi, na chumba kizima kitapanda pamoja nawe. Ukisogea karibu mno, besi inazidi na herufi "p" na "b" zinapiga kama ngumi. Jaribu kusema "Pili alipanda punda akapita pembeni". Ukisikia mapigo, usirudi nyuma. Igeuze maikrofoni pembeni kidogo, pumzi ipite kando yake, au weka kichujio cha kitambaa mbele yake.

Kiwango cha kurekodi kipangwe ili sauti yako ya juu kabisa ifike kati ya desibeli -12 na -6. Sifuri ndiyo dari: kinachoigonga kinapasuka, na sauti iliyopasuka haiponi. Usipimie kwa "moja, mbili, tatu" ya kunong'ona. Pimia kwa kicheko, maana watu hucheka kwa nguvu kuliko wanavyozungumza.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi, andika sentensi moja: podikasti hii ni ya nani, na atapata nini. Ikikushinda kuiandika, mada bado ni pana. Halafu andika vichwa vya hoja badala ya maneno yote. Anayesoma karatasi husikika anasoma. Rekodi vipindi vitatu kabla ya kutoa cha kwanza. Cha tatu ndicho kitakachokuonyesha kama mada ina pumzi, na mara nyingi ndicho kitakachokufanya urudie cha kwanza.

Mwanzoni mwa kila rekodi kaa kimya sekunde 10. Kimya hicho cha chumba kina kazi mbili wakati wa kuhariri, tutaifikia.

Mgeni akiwa mbali, usitegemee sauti ya simu ya intaneti. Kila mmoja ajirekodi upande wake huku mkizungumza, wote mkiwa na hedifoni, na mwanzoni mhesabu hadi tatu na kupiga kofi kwa pamoja ili upate alama ya kulinganishia faili. Piga na kofi la mwisho. Saa za vifaa viwili haziendi sawa kabisa, na katika mazungumzo ya saa nzima majibu yanaweza kuanza kutangulia maswali. Hapo unaikata faili moja katikati na kuisogeza.

Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ni ya bure na inatosha. Hifadhi nakala ya rekodi ghafi mahali pengine, kisha fuata mpangilio huu. Kwanza kata yasiyotakiwa, na matundu yanayobaki yajazwe na kile kimya cha chumba. Kimya cha kompyuta ni sifuri tupu, sikio hulishtukia. Pili punguza kelele: iteulie programu sekunde za kimya ili ijifunze kelele za chumba, halafu punguza desibeli 6 hadi 12. Zaidi ya hapo utasikika kama uliyezama majini. Tatu ondoa miungurumo iliyo chini ya hezi 80. Nne tumia kompresa, zana inayoshusha sauti kubwa ziikaribie ndogo, kwa kiasi, uwiano wa 3:1 hivi, ili minong'ono na vicheko visipishane sana. Mwisho kabisa weka ukubwa wa sauti: LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) -16 kwa stereo au -19 kwa mono, kilele kisivuke desibeli -1. Ukiligeuza hilo likatangulia, hatua zinazofuata zitalivuruga. Pumzi usizikate zote. Mtu asiyepumua anatisha.

Toa faili la MP3, mono, kilobiti 96 kwa sekunde. Nusu saa itakuwa kama megabaiti 22, na kwa maneno matupu sikio halikosi kitu. Muziki wa ufunguzi uwe na leseni uliyoisoma: Creative Commons yenye BY inakudai umtaje mwenye kazi, yenye NC inakukataza biashara, kwa hiyo haikufai kama una mpango wa matangazo.

Apple Podcasts haikuhifadhii faili kama unachapisha kwa njia ya kawaida. Unapakia kwenye huduma ya uhifadhi, nayo inakutengenezea mlisho wa RSS, orodha ya vipindi vyako inayojisasisha yenyewe, na anwani ya mlisho huo ndiyo unayoiwasilisha Apple Podcasts na kwenye saraka nyingine, yaani orodha ambamo wasikilizaji hutafuta podikasti. Tumia barua pepe utakayobaki nayo, maana uthibitisho wa umiliki hupitia hapo. Jalada liwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000. Lipunguze hadi lilingane na ukucha wa kidole gumba, na kama jina halisomeki, lichore upya. Ukigundua kosa baada ya kuchapisha, badilisha faili ndani ya kipindi kilekile. Ukikifuta na kukichapisha upya, programu za wasikilizaji zitakiona kama kipindi kipya.

Ukaguzi wa saraka unaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa. Tangulia na kionjo cha dakika moja au mbili, ukiwasilishe wiki moja kabla, ili siku ya kipindi cha kwanza mlango uwe tayari wazi.