Somo: Kuweka ACL kwenye swichi bila kujifungia nje

Wakuu, heshima zenu. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Nawazuiaje wageni wa Wi-Fi wasifike kwenye seva za ofisi?" Jibu ni ACL, orodha inayoiambia swichi pakiti ipi ipite na ipi ikataliwe. Naandika mara moja hapa. Atakayeniuliza tena namtupia kiungo, asinione nina kiburi.

Mfano wangu ni Cisco Catalyst zile zinazopitisha trafiki kati ya VLAN (mitandao iliyotenganishwa juu ya swichi hiyo hiyo), kama 3560 na 3750 na ndugu zake waliofuata. Mwenye 2960 ya kawaida asome pia, ila ajue kwake ACL inakaa kwenye porti, na upande wa kuingia tu.

Mtandao wetu: VLAN 10 ni ofisi, 192.168.10.0/24. VLAN 20 ni seva, 192.168.20.0/24, na DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, iko 192.168.20.5. VLAN 30 ni wageni, 192.168.30.0/24. Wageni tunataka wapate intaneti na DNS, basi. Uhasibu hauwahusu.

Hatua ya 1. Chora kwenye karatasi nani anaruhusiwa kufika wapi. Kwenye karatasi, si kichwani.

Hatua ya 2. Tunza nakala ya usanidi:

copy running-config flash:kabla.cfg

Hatua ya 3. Andika orodha.

ip access-list extended WAGENI
 10 permit udp any eq bootpc any eq bootps
 20 permit udp 192.168.30.0 0.0.0.255 host 192.168.20.5 eq domain
 30 permit tcp 192.168.30.0 0.0.0.255 host 192.168.20.5 eq domain
 40 deny ip any 10.0.0.0 0.255.255.255
 50 deny ip any 172.16.0.0 0.15.255.255
 60 deny ip any 192.168.0.0 0.0.255.255
 70 permit ip 192.168.30.0 0.0.0.255 any

Swichi inasoma kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza unaolingana na pakiti ndio unaoamua, ya chini yake hayasomwi. Ukiupandisha mstari wa 70 ukawa wa kwanza, hiyo mingine yote ni mapambo. Na mwisho wa orodha kuna mstari usioonekana unaokataa kila kitu. Hujauandika na hutauona, lakini upo. Huu ndio ulionitoa kitandani, nitausimulia chini.

Mstari wa 10 ni wa DHCP, huduma inayogawa anwani, na watu wengi huuruka. Simu ya mgeni inapoomba anwani bado haina anwani, inaomba ikiwa 0.0.0.0. Orodha yako ikitambua 192.168.30.0 peke yake, ombi linakufa mlangoni. Ubaya wake ni kwamba hutagundua siku hiyo: waliokwisha kupata anwani wanaendelea kuperuzi mpaka muda wake uishe, halafu unaanza kupigiwa simu mmoja mmoja.

Zile 0.0.0.255 ni maski iliyogeuzwa, ndiyo waildikadi. Toa kila sehemu ya maski ya kawaida kwenye 255. /24 inakuwa 0.0.0.255, /26 inakuwa 0.0.0.63. Ukiandika 255.255.255.0 kwa mazoea, swichi haitakugombeza. Inapokea kimya, na ukiitazama orodha utakuta imekugeuzia kuwa 0.0.0.0 255.255.255.0, maana yake "anwani yoyote duniani inayoishia na sifuri". Hakuna simu ya mgeni yenye anwani hiyo.

Hatua ya 4. Chagua upande. Hapa jifanye wewe ndiye swichi, umesimama katikati. Pakiti inayotoka kwa wageni inakujia wewe: hiyo ni in. Unayoipeleka wewe kwa wageni: hiyo ni out. Orodha yetu inawataja wageni kama chanzo, kwa hiyo ni in kwenye Vlan30.

Hatua ya 5. Kuibandika. Hapa tulieni kidogo.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natunza mtandao wa chuo kimoja kanda ya ziwa. Saa nne usiku, niko nyumbani, nimefungua kwa mbali kompyuta ya ofisini iliyoko VLAN 10, na kutoka hapo nimeingia kwenye swichi kwa SSH, njia ya kuiamrisha kupitia mtandao. Nataka kuwekea orodha VLAN 10 yenyewe. Kwa ujuaji wangu nikaanza na kubandika: nikaandika jina la orodha kwenye Vlan10 kabla sijaiandika orodha. Hakuna kilichotokea, kwa sababu orodha isiyokuwepo inapitisha kila kitu. Nikajiona nimepatia. Nikaanza kuandika mistari. Mstari wa kwanza, huo huo wa DHCP, nikabonyeza Enter, kishale kikaganda.

Orodha ilikuwa imezaliwa. Ina mstari mmoja wa kuruhusu DHCP, na chini yake yule asiyeonekana anayekataa yote yaliyobaki, pamoja na SSH yangu, pamoja na ile kompyuta niliyopitia.

Nikampigia mlinzi achomoe waya wa umeme wa swichi na kuurudisha. Nilikuwa sijahifadhi chochote, kwa hiyo ikizima na kuwaka inarudi kama zamani. Mlinzi akachungulia kwenye kioo: "Mbona taa zote zinawaka vizuri tu, mwalimu?" Ufunguo wa kile chumba alikuwa nao mhasibu, na mhasibu alikuwa Dodoma. Nikapanda bodaboda kwenye mvua kwenda kuvunja kufuli, na kufuli jipya nikalilipia mwenyewe.

Kwa hiyo fuateni hivi, kwa mpangilio huu. Kabla ya kubandika chochote:

reload in 10

Swichi itajizima na kujiwasha baada ya dakika 10 usipoizuia. Ikikuuliza kama uhifadhi usanidi, kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, ikiwemo orodha ya Hatua ya 3. Yajue ni yapi kabla hujajibu. Halafu, orodha ikiwa imekamilika na umeisoma tena:

interface Vlan30
 ip access-group WAGENI in

ONYO: usihifadhi kabla ya kujaribu. Ukihifadhi kosa, swichi itawaka upya na kosa lako lile lile, na dakika 10 zako zimekwenda bure.

ONYO la pili: ikijiwasha upya, kila aliyeunganishwa hapo anakatika kwa dakika kadhaa. Usifanye saa nne asubuhi watu wanalipa ada.

Hatua ya 6. Shika simu, ingia Wi-Fi ya wageni, jaribu intaneti, kisha jaribu kufungua seva. Moja ikubali, nyingine igome. Ikiwa sawa:

reload cancel
write memory

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

MASWALI

Kipepeo wa Mbagala: Mkuu nimefanya kila kitu ulichosema haifanyi kazi. Msaada wa haraka bosi ananisubiri.

Jibu: "Haifanyi kazi" ndiyo nini? Wageni hawapati intaneti, au bado wanaingia kwenye seva? Weka hapa show access-lists na show run interface vlan 30. Bosi wako si bosi wangu.

Kipepeo wa Mbagala: Samahani mkuu. Wanaingia kwenye seva kama kawaida. Kwenye interface imeandikwa ip access-group Wageni in.

Jibu: Orodha inaitwa WAGENI, wewe umebandika Wageni. Kwa swichi hayo ni majina mawili, na orodha isiyokuwepo inapitisha kila kitu. Nimeandika hilo Hatua ya 5.

Simba Mpole: Baada ya kuweka, wageni hawawezi kupingi lango lao 192.168.30.1. Si tayari umeharibu mtandao wa mtu?

Jibu: Intaneti wanapata?

Simba Mpole: Wanapata.

Jibu: Basi hakuna kilichoharibika. 192.168.30.1 imo ndani ya 192.168.0.0 ya mstari wa 60, ndiyo maana wanakataliwa. Pakiti ya intaneti inapita kwenye lango lakini haijaandikiwa anwani ya lango. Na ARP, ambayo simu hulitafutia lango ndani ya VLAN, si IP, orodha hii haiigusi. Mimi napenda ibaki hivyo, maana inamzuia mgeni pia kujaribu nywila za swichi yako. Ukitaka kuwaruhusu wapingi, ongeza mstari wa 35 wa permit icmp kwenda host 192.168.30.1 echo.

Dada Fundi: Asante kwa somo. Nimeweka, wageni hawafiki kwenye seva, safi. Ila nimekaa na simu mbili zote ziko Wi-Fi ya wageni, moja inaiona nyingine bila shida. Ina maana ACL haizioni?

Jibu: Dada, swali zuri. Haizioni kweli. ACL tuliyoibandika kwenye Vlan30 inasimama kwenye mlango wa kutoka VLAN. Simu mbili za VLAN moja zinaongea humo humo ndani, hazifiki mlangoni. Una njia tatu. Kwa Wi-Fi, kwenye kifaa kinachorusha mawimbi kuna sehemu ya kuwatenganisha wateja, iwashe, hiyo ndiyo rahisi. Kwa waliochomeka kebo, weka switchport protected kwenye porti zao: porti mbili zenye alama hiyo kwenye swichi moja hazipitishiani kitu. Ya tatu ni ACL ya VLAN nzima, vlan access-map, inayopima hata trafiki ya ndani. Ina nguvu, lakini ukiikosea umeizima VLAN yote, jizoeze kwanza kwenye swichi isiyo na watu. Usihangaike na ACL ya MAC (anwani za kadi za mtandao) kwa kazi hii. Kwenye swichi hizi inashika trafiki isiyo IP tu.

Dada Fundi: Nimewasha ya Wi-Fi, zimeachana. Lingine: tuna kamera moja iko VLAN 30 kwa sababu za kihistoria. Ofisi ilikuwa inaifungua kwenye kivinjari, sasa haifunguki. Lakini sisi tumewazuia wageni kwenda ofisi, hatujaizuia ofisi kwenda kwa wageni!

Jibu: Hapo ndipo wengi wanapodhani swichi imerogwa. ACL haina kumbukumbu. Ombi lako linafika kwenye kamera, kamera inajibu, na jibu ni pakiti inayotoka VLAN 30 kwenda 192.168.10.0. Mstari wa 60 unaikata, haujui kwamba wewe ndiye uliyeanza maongezi. Kwa TCP kuna dawa:

ip access-list extended WAGENI
 35 permit tcp 192.168.30.0 0.0.0.255 192.168.10.0 0.0.0.255 established

Hiyo inaruhusu pakiti zenye alama ya ACK au RST tu, yaani za maongezi yaliyokwisha kuanza. Mgeni hawezi kuanzisha maongezi mapya na ofisi, ila mjuzi anaweza kughushi alama hiyo, kwa hiyo usiitegemee kama ukuta. Kama ni kamera moja, badala ya mtandao wote wa 30 andika host na anwani yake. Na picha ikija kwa UDP, established haitakusaidia. Ukweli ni kwamba kamera ihame VLAN.

Kanzu Nyeupe: ACL kwenye swichi ni mambo ya kizamani. Watu wazima wanatumia fayawoli.

Jibu: Ninunulie, nitaitumia. Chuo chenye swichi mbili za mtumba kinafanya kazi na kilicho nacho. Halafu hata penye fayawoli, trafiki ya VLAN kwa VLAN ikipitishwa na swichi, fayawoli haiioni.

Mjukuu wa Bibi: Kaunta kwenye show access-lists hazipandi lakini wageni wanazuiwa kweli. Ni kosa?

Jibu: Si kosa. Pakiti nyingi zinaamuliwa na chipu, hazifiki kwenye CPU, na kaunta hizo kwenye 3560 na 3750 zinahesabu zile zinazofika kwenye CPU. Usije ukaongeza neno log kwenye kila mstari ili uone namba. Hilo linazivuta pakiti zije kwenye CPU, na swichi yenye wageni 200 itaanza kuhema.

Juma Nne: Mkuu maski naweka 255.255.255.0 au?

Jibu: Hatua ya 3.

Pwani Tulivu: Mimi nina Huawei. Naandika hivyo hivyo?

Jibu: Hapana. Kule orodha ya kina ni namba 3000 hadi 3999, mistari inaitwa rule na inaruka kwa 5, na unabandika kwa traffic-filter inbound acl 3000. La kushika zaidi: kwenye traffic-filter hakuna yule asiyeonekana wa mwisho. Pakiti isiyolingana na mstari wowote inapita. Mtu akihamisha orodha ya Cisco kama ilivyo, akaacha kuandika katazo la mwisho, amefungua mlango.

Mzee wa Konsoli: Kijana, umesahau kulinda swichi yenyewe. access-class kwenye line vty, wanakoingilia watu kwa mbali.

Jibu: Shikamoo mzee. Kweli nimesahau. Wakuu, andikeni ip access-list standard WASIMAMIZI, permit anwani zenu tu, kisha chini ya line vty 0 15 wekeni access-class WASIMAMIZI in. Na reload in 10 iwe imetangulia.

Mzee wa Konsoli: Marahaba. Na usitegemee SSH peke yake, tembea na kebo ya konsoli.

Mjukuu wa Bibi: Kebo yangu ya USB Windows inaikataa, inaandika Code 10.

Mzee wa Konsoli: Chipu ya kuiga hiyo, dereva mpya ya Prolific huwa inazigomea. Tafuta yenye FTDI. Kasi 9600, biti 8, bila pariti, stop 1.

Dada Fundi: Na ule ufunguo wa chumba siku hizi uko wapi?

Jibu: Kwa mlinzi. Wa pili ninao mimi.