Tarehe ya upasuaji wa kupunguza tumbo imepangwa, usingizi umekimbia: ufanyeje?

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, nashona magauni na madera. Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba, na tangu mwili uanze kupungua wapo wanaoingia dukani bila kitambaa. Mtu anavuta pazia la chumba cha kujaribia nguo, anashusha sauti: "Mwenzangu, hukuogopa?" Niliogopa, tena sana. Haya ninayowaambia nimeyaandika, ili nami nipate muda wa kushona.

Gawanya hofu vipande

"Naogopa operesheni" ni kauli isiyo na jibu. Daktari atakuambia usiogope, mama atakuambia muombe Mungu, na usiku utakesha vilevile. Chukua daftari uandike unachoogopa, kimoja kimoja, hata vile vya aibu. Mimi nilitumia kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja. Niliandika: nisipoamka. Nikiamka katikati wananikata. Wakikata halafu nisipungue. Mama mkwe akijua. Pilau ndiyo basi tena. Hela ya watu.

Kisha mbele ya kila hofu andika nani ana jibu lake: daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi, mtaalamu wa lishe, mume, wifi, Mwenyezi Mungu. La mama mkwe usimpelekee daktari, na la mshono usiliulize kwenye kundi la WhatsApp. Huko utapewa habari za binamu ya jirani aliyefia mezani, ukiuliza ilikuwa hospitali gani hakuna ajuaye.

La kufa liulize wazi

Hili watu hulizungukazunguka. Mkiwa chumbani kwa daktari, litaje. Katika vituo vyenye uzoefu, wanaofariki kutokana na upasuaji huu ni karibu mtu 1 kati ya 1,000 au pungufu, kiwango kinachokaribiana na cha kutoa mfuko wa nyongo. Mshono kuvuja hutokea kwa karibu mtu 1 kati ya 100. Lakini hizo ni hesabu za dunia, wewe unataka za hapo utakapolazwa. Muulize: umeshawafanyia wangapi upasuaji wa aina hii? Mshono ukivuja mnafanya nini, na chumba cha uangalizi maalumu kipo hapahapa au nitahamishwa? Nikisharudi Tanga, saa nane ya usiku nampigia nani? Daktari anayeijua kazi yake haudhiki kwa maswali haya. Akiudhika, hilo nalo ni jibu.

Mimi kilichonituliza ni kuelezwa kazi yenyewe. Hawapasui tumbo zima. Wanatoboa matundu madogo, mara nyingi matano, wanajaza gesi ili wapate nafasi, wanaingiza kamera. Kifaa chao cha kukatia hupanga pini ndogo za titani kwa mistari pande zote mbili na kukata katikati, kama ovaloki inavyoshona huku ikikata. Nikasema, kumbe! Hapo nikaelewa kwa nini mfuko haubaki wazi hata dakika moja. Wanaondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko, na kazi yote huchukua saa moja mpaka mbili.

Nusu kaputi

Wengi wanaokuja dukani kisu hawakiogopi sana. Wanaogopa nusu kaputi. Basi usikubali kuonana na daktari wa usingizi kwa mara ya kwanza mlangoni mwa chumba cha upasuaji, omba miadi kabla, na uende na haya: unakoroma? Mumeo amewahi kukuona pumzi inakatika usingizini? Sema. Watu wenye miili kama yetu wengi wana tatizo hilo, na madaktari wakilijua mapema wanajipanga. Taja kila dawa, pamoja na aspirini, vidonge vya uzazi wa mpango, mitishamba ya mafungu unayonunua sokoni, na zile sindano za kupunguza uzito kama Ozempic, maana zinachelewesha chakula kutoka tumboni. Taja sigara na shisha pia. Kuvuta uache walau wiki nne hadi sita kabla, na usimfiche daktari kwa sababu mama yupo chumbani. Mtoe mama nje.

Kuhusu kuamka katikati: uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza, ukatolewa mwaka 2014, ulikuta walioripoti kuwa na fahamu wakati wa nusu kaputi ni karibu mtu 1 kati ya 19,000.

Jua pia mpangilio wa siku yenyewe, maana kisichojulikana ndicho kinachotisha. Utawekewa kanula mkononi, vibandiko kifuani vya kusoma moyo, kibanio kidoleni. Utashikiziwa barakoa ya oksijeni uvute pumzi. Dawa ikiingia mshipani mkono unaweza kuchoma kidogo, na hapo ndipo kumbukumbu inapokatika. Ukiamka koo litakwaruza kwa sababu ya mpira wa hewa, unaweza kusikia kichefuchefu, na bega linaweza kuuma sana. Bega hilo ni gesi iliyobaki tumboni. Mtu asiyeambiwa hudhani ni moyo, akaanza kuhema kwa woga. Wewe umeshaambiwa, mwite nesi, mweleze, akuangalie. Watakuamsha utembee siku hiyohiyo, nawe utawachukia. Tembea. Ni kinga ya damu kuganda miguuni.

Na nyie mabibi wa pwani: msiende kulazwa mmejipamba kama mnakwenda kumtoa mwali. Piko nyeusi na rangi ya kucha vinaweza kukichanganya kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Kucha za bandia zitoke, na hereni, na kipini.

Jikoni, wiki mbili kabla

Karibu kila hospitali hutoa mlo maalumu, mara nyingi wa wiki mbili: protini nyingi, wanga kidogo, mafuta kidogo. Sababu ni ini. Kwa wanene huwa limevimba kwa mafuta na limelalia juu ya mfuko wa chakula. Ukila kwa nidhamu linanywea na daktari anapata njia. Nililipenda hili kwa sababu lilikuwa kazi ya mikono. Kila samaki niliyemchemsha na kila sahani ya mchicha bila nazi ilikuwa sehemu ya operesheni, na mimi ndiye niliyekuwa naifanya.

Ila hapo kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Kama unatumia dawa za kisukari, hasa insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, ukipunguza wanga ghafla sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Utatetemeka, utatoka jasho la baridi, moyo utakwenda mbio, na utajiambia ni hofu ya upasuaji. Usikae kuvuta pumzi na kuhesabu. Pima sukari kwanza. Ikisoma chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L), kunywa maji ya sukari papo hapo, kisha mpigie daktari. Na kabla hata ya kuanza mlo huo, muulize dozi ipunguzwe vipi, usijipunguzie mwenyewe. Dawa za presha nazo ziulizie.

Kahawa ipunguze taratibu. Ile chungu ya vikombe vidogo jioni, na halua yake, inafukuza usingizi ambao tayari ulikuwa haupo.

Na pilau je? Hofu hii ni kweli, usiione ya kitoto. Sisi chakula ndicho tunachozikia, tunachoozea, tunachosameheana nacho. Baada ya upasuaji utaanza na vya maji, halafu vilivyosagwa, halafu laini, na baada ya wiki kadhaa vyakula vya kawaida hurudi kidogokidogo. Mimi leo pilau naila, vijiko vichache, nyama kwanza. Usifanye karamu ya kukiaga chakula wiki ile ya mwisho. Ndilo ini lenyewe hilo.

Nani ajue

Mtaani kwetu hawasemi umepunguzwa tumbo, wanasema "amekatwa utumbo", na ikifika Chumbageni utumbo umekuwa wote. Huna deni la maelezo. Chagua wachache, na wengine waambie lililo kweli: "Nakwenda Dar kwa matibabu ya tumbo, niombeeni dua." Atakayesema umetafuta njia ya mkato mwache. Vitamini utameza maisha yako yote na damu utapimwa kila mwaka. Mkato gani huo?

Wa kukusindikiza asiwe anayekupenda kuliko wote, awe anayesikiliza maelekezo na kuyaandika. Mume wangu ananipenda, lakini akiona sindano anakaa chini. Nilikwenda na wifi.

Utapelekwa pia kwa mwanasaikolojia. Usiende kama unayefanya mtihani. Mwambie unavyokula usiku watu wakilala, mwambie kama pombe ipo, mwambie kama uliwahi kukata tamaa. Anataka ajue utahitaji msaada gani baadaye, maana chakula kilichokuwa kinakuliwaza hakitakuwepo kwa kiasi kile. Na kama unameza dawa za sonona au za wasiwasi, usiziache ghafla ukidhani unajisafisha kwa ajili ya nusu kaputi.

Usiku

Pangia wasiwasi saa yake. Mimi ilikuwa baada ya magharibi: daftari, dakika ishirini, linafungwa. Wazo likija saa saba usiku naliambia lingoje kesho magharibi. Linacheka mwanzoni, lakini siku zikienda linazoea. Simu ilale chumba kingine. Video za upasuaji si za kutazamwa kitandani.

Kisha pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa polepole ukihesabu mpaka sita, tumbo lipande na kushuka, dakika tano. Ile ya kutoa ndiyo inayopunguza mbio za moyo, kwa hiyo iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Anza wiki kadhaa kabla, siku ukiwa mtulivu. Ukingoja kujifunzia juu ya kitanda cha magurudumu haitakuja. Mimi niliifanya na uradi wa baada ya isha, tasbihi mkononi. Mkristo ana yake. Kama ni Muislamu na swala inakuhangaisha, muulize sheikh wako kabla: mgonjwa anaswali amekaa, hata amelala, na asiyeweza kutumia maji anatayamamu.

Ukikesha usiku wa mwisho, usijitie hofu nyingine kwamba upasuaji utaharibika kwa kukosa usingizi. Watakulaza wao. Kikubwa fuata saa za kufunga ulizopewa. Kwa kawaida chakula ni saa sita kabla na maji matupu saa mbili kabla, lakini ukiambiwa zaidi ya hapo shika uliloambiwa.

Kama siku nyingi hulali kabisa, huwezi kufanya kazi, au umeanza kufikiria kujidhuru, hilo haliishi kwa daftari wala pumzi. Waambie madaktari wako leo, usingoje miadi.

Na kuahirisha kunaruhusiwa, hata kama umeshasaini fomu. Mteja wangu mmoja aliahirisha, akaenda kuwekewa puto la ndani ya mfuko wa chakula, kama lile wanaloweka hospitali ya Mloganzila, akijua kwamba puto hutolewa baada ya miezi na uzito unaweza kurudi. Alichokifanya vizuri ni kupiga simu hospitali mapema, siku kadhaa kabla, nafasi yake kwenye orodha ya upasuaji akapewa mwingine aliyekuwa anangoja.