Jinsi ya kujua chama kinasimama wapi kwenye haki za mashoga, na wananchi wako wapi

Usianze na hotuba za kampeni, zile zinabadilika kutegemea nani kakaa mbele. Anza na ilani. Mfano Republican wa Marekani: ilani yao ya 2016 ililaani waziwazi hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2015 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima, 2020 hawakuandika mpya, halafu ya 2024 ikaja fupi na yale maneno ya ndoa ni ya mume na mke hayamo. Ila usikimbilie kusema wamebadilika jamani, kunyamaza sio kukubali.

Ndo maana unaenda kwenye kura za bungeni, jina kwa jina. Sheria ya kulinda ndoa hizo ilipita Desemba 2022, maseneta 12 wa Republican wakaiunga mkono na wabunge 39, wenzao wengi wakapinga.

Kisha maoni ya watu, na hapa ndo wengi wanateleza. Gallup, shirika la kura za maoni la Marekani, wanasema Wamarekani waliokubali ndoa hizi walikuwa asilimia 27 mwaka 1996, wakafika 70 mwaka 2021, sawa, lakini usiishie hapo, tafuta wafuasi wa chama chenyewe wanasemaje: Republican walifika 55 mwaka 2021, wakashuka mpaka 41 mwaka 2025. Linganisha swali lilelile la shirika lilelile tu, na ya ndoa usichanganye na maswali ya watu waliobadili jinsia, majibu yanatofautiana sana.