Namna ya Kuitembelea Montego Bay Bila Kuishia Ufukweni

Wageni wengi wanaofika Montego Bay, mji wa mapumziko ulioko kaskazini-magharibi mwa Jamaika, hupokewa kwenye uwanja wa ndege na basi la hoteli, na siku zao zikiisha basi hilohilo huwarudisha bila ya wao kuuona mji wenyewe.

Msafiri anayetoka Afrika Mashariki aanze na mambo mawili: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na viza ya nchi atakayobadilishia ndege, kwa kuwa safari nyingi hupitia Uingereza au Marekani. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Kimbunga Melissa, kilichoipiga Jamaika tarehe 28 Oktoba 2025, kiliharibu vibaya upande huo wa magharibi. Kwa hiyo, ulizia mapema kila jengo unalotaka kulizuru kama liko wazi.

Siku ya kwanza, kabla ya kuogelea kwenye ufuo wa Doctor's Cave, nenda asubuhi katika Uwanja wa Sam Sharpe. Sharpe alikuwa mtumwa na shemasi wa Kibaptisti, aliyewashawishi wenzake wagome kufanya kazi baada ya Krismasi ya mwaka 1831 mpaka walipwe ujira. Usiku wa tarehe 27 Desemba shamba la Kensington lilichomwa moto, na mgomo ukageuka uasi. Yeye mwenyewe alinyongwa mjini hapo tarehe 23 Mei 1832, na mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa. Pembeni mwa uwanja kipo kijumba kiitwacho The Cage, yaani tundu, kilichojengwa mwaka 1806 kuwafungia watumwa waliotoroka. Ni kidogo mno, nacho hukufahamisha mengi kuliko kibao chochote.

Ukipata noti ya zamani ya dola 50 za Jamaika, itazame pande zote mbili: mbele yupo Sharpe, nyuma upo ufuo wa Doctor's Cave.

Siku nyingine elekea mashariki hadi Falmouth, mji ulioanzishwa mwaka 1769, ambao bandari yake ilisafirisha sukari ya mashamba ya watumwa. Huko utaona kanisa la William Knibb, mmisionari aliyekwenda Uingereza baada ya uasi kuutetea ukombozi. Njiani utaipita Rose Hall, jumba la shamba la zamani, ambako waongozaji husimulia mizimu ya bibi mchawi, Annie Palmer. Watafiti wameikanusha hadithi hiyo. Ni afadhali uwaulize habari za watumwa waliolima pale.

Chakula hakitamshangaza mtu wa pwani. Kuna shelisheli la kuchoma, lililoletwa kisiwani mwaka 1793 ili kuwalisha watumwa, na bammy, mkate wa muhogo uliorithiwa kwa Wataino, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho. Uingiapo dukani au kwenye teksi, salimia kwanza. Kunyamaza huko ni utovu wa adabu, kama kwetu kuingia bila hodi. Teksi zilizoidhinishwa zina namba za rangi nyekundu, nawe patana nauli kabla ya kupanda.