Namna ya kumwandika steringi ambaye mtazamaji atamhofia

Skripti yangu ya kwanza ya mapigano ilikuwa na kurasa 118. Steringi wangu alipigana mara tisa, akaangusha helikopta mbili, na hakukosea hata mara moja. Mwongozaji niliyempa aisome aliirudisha baada ya wiki, kona ya ukurasa wa 31 imekunjwa, na pembeni kaandika kwa penseli: "Huyu nimhofie nini?" Aliishia hapo.

Swali lile lilinichoma, na ndilo lililonifundisha kazi. Kila anayekaa kutazama picha la mapigano anajua kwamba steringi hafi. Analijua hilo kabla taa hazijazimwa. Ukiiweka hofu yote kwenye uhai wake, unamuuliza mtazamaji swali ambalo jibu lake anatembea nalo. Kwa hiyo kabla hujaandika ngumi hata moja, tafuta kitu ambacho steringi anaweza kukipoteza na bado akabaki hai. Kiandike kwa sentensi moja, ukibandike mbele ya meza yako. Na kiwe kitu cha kushikika. Dunia nzima ikiwa hatarini, mtazamaji hajui amlilie nani. Katika John Wick ya mwaka 2014, mtu anaingia vitani na genge zima la wahalifu kwa ajili ya kitoto cha mbwa. Lakini kitoto kile kilitumwa na mke wake kabla hajafariki, kimfikie baada ya mazishi ili asibaki peke yake. Waliokiua waliua kitu cha mwisho alichoachiwa. Hasira ya filamu nzima inasimama juu ya mnyama anayeenea mikononi.

Ukishakijua kitu hicho, mpe steringi udhaifu wa mwili, halafu usiueleze. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Katika skripti ninayoishughulikia sasa, steringi ni dereva wa lori aliyewahi kuwa komando, na bega lake la kushoto huteguka. Katika rasimu ya kwanza alimsimulia utingo wake habari za bega hilo kwa mistari minane. Nikaifuta yote. Sasa, ukurasa wa 4, yuko jikoni anataka kikombe kilicho rafu ya juu, upande wa kushoto. Anageuza mwili mzima ili akichukue kwa mkono wa kulia. Binti yake anaona, hasemi kitu, anaanza kuvishusha vikombe vyote rafu ya chini. Basi. Ukurasa wa 42 anashindwa kuvuta kamba ya turubai, utingo anapanda kumsaidia. Ukurasa wa 79 nimemning'iniza darajani kwa mkono ule ule wa kushoto, na kwa mkono wa kulia amemshika utingo asianguke. Mtazamaji anajua dereva atapona. Asichokijua ni kama bega litamwachia amshikilie yule kijana hadi mwisho, na kwa sababu hiyo ataacha kutafuna.

Ule ukurasa wa 42 usiudharau. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo kati ya kikombe na daraja pana zaidi ya saa nzima. Ukipanda mbegu mwanzoni usiiguse tena mpaka mwisho, mtu ameshasahau. Mguso mmoja katikati unatosha; ukigusa mara tatu ataanza kukusoma nia.

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa na mafundi aitazame Die Hard ya mwaka 1988, na afuatilie miguu ya steringi wake, polisi John McClane. Mwanzoni kabisa, abiria mwenzake ndani ya ndege anampa ushauri wa kuondoa uchovu wa safari: avue viatu na soksi, akunje vidole vya miguu juu ya zulia. Akifika kwenye jengo la ofisi ya mkewe anaujaribu, na hapo hapo jengo linatekwa. Anakimbia peku. Baadaye adui wake, Hans Gruber, anaiona ile miguu mitupu na anaamuru vioo vipigwe risasi. Sasa tazama kinachofuata, kwa sababu mimi naona ndiyo sini bora ya filamu ile: McClane amekaa bafuni anachomoa vipande vya kioo kwenye nyayo zake, huku akizungumza kwa redio na polisi aliye nje, na anamwomba amfikishie mkewe msamaha wake. Maumivu yamemfungua mdomo. Kama miguu ingekuwa mizima, mtu mwenye kiburi kama yeye asingeyasema maneno yale. Kidonda kizuri kina kazi mbili: kumzuia steringi asikimbie, na kumzuia asijifiche.

Ustadi nao upandwe hivyo hivyo. Katika Aliens ya mwaka 1986, Ripley anaonekana mapema akiendesha ile mashine ya kupakia mizigo ambayo mtu huivaa mwilini, na askari wanashangaa. Anapoivaa tena mwishoni kumkabili malkia wa viumbe wa kigeni wanaowawinda, hakuna anayeuliza amejifunza lini.

Kuhusu mapigano yenyewe, chukua karatasi uichore safu mbili: steringi aliingia na nini, ametoka na nini. Kila pambano lazima limnyang'anye kitu, iwe silaha, mpango, rafiki, jina jema, au usikivu wa sikio moja. Likiisha na bado ana kila alichokuja nacho, lifute, hata kama ndilo ulilolipenda. Katika yale mapambano yangu tisa nilibakiza manne. Iliniuma, maana moja la treni nililiandika kwa mwezi mzima, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza liko wapi.

Muache pia akiri kwamba kuna mtu anayemzidi. Watunzi wengi wanaliogopa hili, wakidhani linamshusha. Katika Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, Max anafyatua bunduki mara mbili gizani na kukosa. Imebaki risasi moja. Furiosa, mwanamke anayetoroka pamoja naye, yuko nyuma yake. Max anampa bunduki, naye anaiegemeza juu ya bega lake Max, analenga, anapata. Max hapungui kitu pale. Mimi nilimpenda zaidi.

Maneno yake yawe machache. Soma mistari yake kwa sauti ukiwa umesimama, na pumzi ikikukatika kata sentensi.

Ukimaliza, mpe skripti mtu asiyekuonea haya, umwombe aandike pembeni kila anapohofu. Hesabu kurasa zilizo tupu. Zikifuatana kumi, rudi kwenye ile sentensi uliyoibandika mezani.

Kisha mwisho. Katika riwaya ya First Blood ya David Morrell, iliyotoka mwaka 1972, Rambo anakufa. Filamu ya mwaka 1982 nayo ilipigiwa picha za mwisho ambamo anakufa, watazamaji wa majaribio wakaukataa, akaachwa hai. Lakini hakuachwa mzima: anaketi chini mbele ya kanali wake wa zamani, analia kama mtoto akimtaja rafiki aliyelipuliwa vitani, kisha anatolewa nje akiwa chini ya ulinzi. Kwa hiyo usikate picha kwenye mlipuko wa mwisho. Acha nafasi baada yake ili tuone amebaki na nini.

Dereva wangu nimemrudisha jikoni. Mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa kitambaa. Utingo ameketi ng'ambo ya meza, kimya. Binti anaweka chai mbele ya baba yake, anataka kuondoka, halafu anarudi na kukigeuza kikombe, kishikio kiwe upande wa kulia.