SOMO: Anza kutengeneza waini ya rozela nyumbani, lita 5 za kwanza

Habari zenu wadau. Maswali ya waini ya nyumbani yamekuwa mengi kwaio leo nashusha somo zima, mwenye swali aliweke chini nitajibu.

Naanza na rozela (wengine mnaiita choya) na sio zabibu. Zabibu zenyewe za waini, zile Makutupora nyekundu na Chenin Blanc, zipo Dodoma, na ukiwa nje ya Dodoma kuzipata zikiwa bado nzuri kwa bei inayoeleweka ni shughuli. Rozela kavu ipo sokoni mwaka mzima, haiozi, ina ukali wake na ile rangi haihitaji msaada wa mtu.

Kitu kimoja kabla hatujaanza. Ile mtu anachemsha juisi, anamwaga sukari na pakti nzima ya hamira, siku ya tano anajaza kwenye chupa anakukaribisha waini, ile sio waini ndugu zangu, ni juisi iliyolewa, na asubuhi tumbo litakupa taarifa. Waini inatengenezeka ikifikisha miezi miwili mitatu tangu uianze, ikiwa imekaa tu kimya. Kama huwezi kusubiri chemsha rozela yako unywe na barafu, nayo ni tamu.

MAHITAJI
Ndoo ya lita 10 yenye mfuniko (iliyowahi kubeba rangi ya ukuta hapana), madumu mawili ya lita 5 ya maji ya kunywa, sufuria ya stili, kitambaa cheupe cha kuchujia, mpira wa dripu mpya kutoka duka la dawa. Rozela kavu gramu 200, sukari gramu 900, majani ya chai kijiko kimoja cha chai, hamira kavu kijiko kimoja cha chai. Ukipata hamira ya waini yenyewe ni bora zaidi, ila ya mkate inafanya kazi. Ukiwa na haidromita (kile kipimo kinachoelea kinachoonyesha sukari iliyomo) vizuri, usipokuwa nayo maisha yanaendelea.

Sufuria ya aluminiamu weka pembeni kabisa. Rozela ina asidi kali, inakula ile sufuria na ladha ya bati utaikuta kwenye glasi.

HATUA YA 1: USAFI
Hapa ndo waini nyingi zinafia. Osha kila kitu kwa sabuni, suuza, alafu weka jiki kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 5 za maji, loweka vyombo dakika 10, suuza tena na tena kwa maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka harufu ya jiki iishe kabisa. Msimwage maji yanayochemka kwenye dumu la plastiki, linajikunja hapo hapo unaanza kutafuta lingine.

HATUA YA 2: ROZELA
Suuza rozela haraka kutoa mchanga, maana imeanikwa chini hiyo. Chemsha lita 3 za maji, zima moto, tia rozela na majani ya chai, funika nusu saa. Usiichemshe kwa muda mrefu, inakuwa na ladha ya kupikwa. Majani ya chai yanaleta ule ukakasi wa waini mdomoni. Chuja kwenye ndoo, kamua kitambaa kidogo.

HATUA YA 3: SUKARI
Tia sukari maji yakiwa bado ya moto, koroga iyeyuke yote, kisha ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka jumla ifike lita 5. Hesabu yake ni hii, kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja zinatoa kilevi karibu asilimia 1. Gramu 900 kwenye lita 5 ni gramu 180 kwa lita, kwaio unaelekea asilimia 10. Kuna watu wanaweka kilo 2 ili iwe kali, haiwi kali, hamira ya mkate inachoka njiani na unabaki na sharubati yenye kilevi. Mwenye haidromita itasoma karibu 1.070.

HATUA YA 4: HAMIRA
Subiri ipoe. Sio "imepoa poa", ipoe mpaka vuguvugu la kuogeshea mtoto au chini ya hapo, ukiwahi unaiua hamira. Weka hamira kwenye nusu kikombe cha maji ya vuguvugu na sukari kidogo, acha dakika 15. Ikitoa povu ni nzima, mimina kwenye ndoo. Isipotoa povu itupe, nunua nyingine, sukari yako bado ipo salama.

HATUA YA 5: NDANI YA NDOO, SIKU 5 HADI 7
Funika kwa kitambaa safi ufunge na kamba, vile vinzi vidogo vya matunda visiingie, vile ndo vinabeba bakteria wa siki. Siku mbili za kwanza koroga mara moja kwa siku na mwiko safi, hamira inahitaji hewa mwanzoni. Povu la pinki litapanda, ukiweka sikio utasikia inachemka chemka kama soda. Kwa watu wa Dar na Tanga kipindi cha joto, weka ndoo ndani ya beseni la maji na uifunge kanga mbichi, maana hamira ikipata joto sana inatoa harufu kali ya spiriti ambayo haitoki hata ukiisubiri mwaka.

HATUA YA 6: KWENYE DUMU
Povu likitulia hamishia kwenye dumu, ujaze mpaka karibu na shingo. Toboa mfuniko, pitisha mpira wa dripu uingie kidogo tu usiguse waini, ziba pembeni na mshumaa ulioyeyuka, upande wa pili wa mpira zamisha kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa haiingii. Jamani MSIFUNGE DUMU KABISA kipindi hiki, litavimba na kupasuka na hiyo rangi kwenye ukuta wa kupanga mtaelezana na mwenye nyumba.

HATUA YA 7: KUHAMISHA
Wiki ya 3 au ya 4 mapovu yanakuwa yameisha na chini kuna tope la hamira iliyokufa. Pandisha dumu mezani, lingine liwe chini, jaza mpira maji safi, upande mmoja kwenye waini juu ya tope, upande wa pili shusha chini, maji ya mwanzo yatoe kwenye kikombe kisha elekeza kwenye dumu. Usivute kwa mdomo, mdomo una bakteria kibao. Tope liache. Rudisha mpira wa gesi, weka kabatini pasipo mwanga miezi 2. Likijikusanya tope tena hamisha tena, kisha chupa.

Haya, maswali.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Morogoro: Mkuu shukrani kwa somo. Yangu leo siku ya pili haijatoa hata povu moja, nimwage?
JIBU: Usimwage. Hamira uliipima kwanza kwenye kikombe? Kama hukupima anzisha nyingine sasa hivi kwenye maji ya vuguvugu, ikitoa povu ongeza. Na angalia ndoo iko wapi, kama ipo sakafuni na huko kuna ubaridi isogeze.

Mdau wa Kigamboni: Kaka naogopa hii mambo ya watu kupofuka, sio ndo hizi?
JIBU: Swali zuri. Methanoli, ile aina ya kilevi yenye sumu inayopofusha, kwenye waini ya kuchachusha hivi ipo kidogo mno, ni sawa na waini ya dukani. Wanaopofuka mara nyingi wamekunywa gongo au pombe iliyochakachuliwa kwa spiriti ya kiwandani. Ila asije mtu akachukua waini hii akaanza kuitonesha (kuichemsha na kukusanya mvuke wake) awe na konyagi yake, kutonesha bila leseni ni kosa kisheria na ndo hapo hatari inapoanza.

Dada wa Moshi: Yangu ina utando mweupe juu na inanukia siki, inaokoleka?
JIBU: Dada hapo hewa iliingia, ama dumu halikujaa ama vinzi viliingia. Ikishakuwa siki hairudi. Usiimwage, iache iendelee kuwa siki kabisa, ichuje utumie kwenye kachumbari. Ila hicho chombo kisiguse waini nyingine mpaka kimelowekwa jiki vizuri. Kama ni utando tu na harufu bado ya waini, hamisha waini ya chini haraka ujaze dumu mpaka juu.

Mdau wa Geita: Nanasi je? Huku yapo ya kumwaga.
JIBU: Nanasi safi sana, mtindo ni ule ule, ila juisi yake ina sukari yake tayari. Ukitumia juisi tupu lita 5 weka sukari kama gramu 300 tu. Chuja vizuri maana makapi yanaleta povu la kutisha. Embe liache kwanza, waini yake inachelewa sana kuwa angavu na mgeni anakata tamaa.

Mdau wa Nakuru: Bro, nikitengeneza nyingi naeza uzia mabeshte?
JIBU: Ukishagusa pesa sheria inabadilika. Huko kwenu kuna sheria ya vileo ya 2010, kutengeneza na kuuza kunahitaji leseni. Huku Tanzania vile vile, leseni ya vileo na TBS (shirika la viwango), na kwa anayetaka kweli kufanya biashara aanzie SIDO (shirika la viwanda vidogo). Hii ya lita 5 ni ya kunywa na wageni, watu wazima.

Mdau wa Dodoma: Nimeonja wiki ya nne, mbona ni kavu na kali hivi, haina utamu hata kidogo? Niongeze sukari nifunge chupa?
JIBU: Hapana hapana hapana. Sukari yote imeliwa na hamira, ndo maana ni kavu, na ukali wa wiki ya nne ni kawaida utapungua. Ukitia sukari ukafunga, hamira iliyobaki inaamka na chupa inapasuka, na vipande vya chupa havichagui. Anayetaka tamu akoroge asali au sukari kidogo kwenye glasi yake muda wa kunywa.